Alianguka kwa Kusimama: uchambuzi wa kipindi kimoja cha michezo, Darasa la Tano

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika shule za msingi za mwambao wa Lindi, ndiyo maana hakuna jina la shule wala la mtu.

Ni Jumanne, wiki ya mwisho ya Oktoba. Darasa la Tano lina wanafunzi 78 na mwalimu mmoja. Shule ina mpira mmoja wa miguu, lakini umefungiwa ofisini kwa ajili ya timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kipindi ni cha sita, saa 5:50 hadi 6:30, na andalio la somo linasema mbio za kupokezana vijiti. Mwalimu anawapanga watoto mistari miwili ya watu 39. Mmoja unaitwa Simba na mwingine Yanga, kama kawaida. Kila mtoto anakimbia hadi kwenye kigingi kilicho umbali wa mita 20, anakizunguka, anarudi, anamkabidhi mwenzake kijiti, kisha anakwenda nyuma ya mstari. Wakimaliza wote wanaanza raundi ya pili.

Msichana wa miaka 11, wa 34 katika mstari wa Yanga, alikimbia zamu yake ya pili vizuri tu. Alirudi, akatoa kijiti, akaenda nyuma ya mstari akasimama. Nusu dakika baadaye alimshika bega aliyekuwa mbele yake, akasema macho yanaingia giza, akaenda chini.

Yaliyofuata yalichukua dakika sita. Mistari yote miwili ilivunjika na watoto wakamzunguka. "Mwalimu, ana mapepo huyo!" mmoja alipiga kelele, na wasichana wawili wakaanza kulia. Wavulana wakubwa wawili wakamnyanyua kwa makwapa ili asimame, miguu ikamlegea, wakamnyanyua tena. Mtu alileta soda kutoka genge la nje ya uzio, na mwalimu akajaribu kumnywesha kabla macho hayajafunguka sawasawa. Sehemu kubwa ikamwagikia kwenye ushungi, na kidogo kilichoingia kikampalia. Hatimaye alilazwa kwenye mkeka ofisini na kuzinduka karibu mara moja. Hakuzinduliwa na soda wala maji ya kumwagiwa usoni. Kilichomzindua ni kulazwa.

Taarifa iliyoandikwa kwenye daftari la matukio ilisema: "Mwanafunzi ameanguka kwa sababu ya mbio. Ana afya dhaifu. Apumzishwe michezo." Tunaikataa taarifa hiyo karibu neno kwa neno.

Mbio zenyewe zilikuwa sekunde 24

Zamu moja ya kwenda na kurudi, mita 40 na kugeuka, humchukua mtoto wa umri huo sekunde 12 hivi. Watoto 39 mara sekunde 12 ni karibu dakika 8. Raundi mbili ni dakika 16, na ndani ya dakika hizo 16 kila mtoto amekimbia sekunde 24. Muda uliobaki alikuwa kwenye foleni.

Hesabu ya kipindi kizima ndiyo hii: kutoka darasani na kubadili nguo dakika 7, mahudhurio na kupanga mistari 4, maelezo 6, mizunguko mitatu ya uwanja kupasha mwili moto 4, mbio 16, kurudi darasani 3. Jumla 40. Ukiziweka pamoja zile dakika 4 za mizunguko na sekunde 24 za mbio, mtoto aliutumia mwili wake kwa dakika nne na nusu hivi. Wataalamu wa somo hili hulenga angalau nusu ya kipindi mtoto awe katika mwendo wa kumtoa jasho. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linataka wastani wa dakika 60 kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Mtoto wa kijijini anayetembea kilomita tatu kuja shule huenda anazifikisha dakika hizo bila msaada wa mwalimu. Lakini kuruka, kudaka na kurusha hakufundishwi njiani.

Kwa hiyo ukimuuliza mwalimu kwa nini kipindi hakiendi, atakwambia vifaa hakuna. Siku ile vifaa vilivyohitajika ni vijiti viwili tu, na vilikuwepo. Kilichoharibu kipindi ni foleni, na foleni hiyohiyo ndiyo iliyomwangusha mtoto.

Kwa nini kusimama kunaangusha

Mtu akiwa kwenye joto, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka ili joto litoke. Akikimbia, mishipa ya misuli ya miguu nayo hutanuka. Damu inayoshuka miguuni hurudi juu kwa kusukumwa na misuli, hasa ya mashavu ya miguu: kila hatua ni kama mtu anayebana na kuachia chupa laini. Mtoto akisimama ghafla baada ya mbio, mishipa bado imetanuka lakini ile pampu imezimwa. Damu inatuama miguuni, kinachofika kichwani kinapungua, macho yanaingia giza, masikio yanavuma, anakwenda chini. Akishalala, kichwa na moyo viko usawa mmoja na damu inafika bila kupanda. Ndiyo maana anazinduka. Na ndiyo maana kumnyanyua kwa makwapa ni kumrudisha kwenye tatizo lililomwangusha.

Ongeza jua. Lindi iko takribani nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua la utosi hupita juu yetu mara mbili kwa mwaka: karibu Oktoba 20 na karibu Februari 22. Katika wiki hizo, saa sita mchana kivuli cha mtoto kinajikunja chini ya nyayo zake. Ukuta wa darasa hautoi kivuli chochote cha kusimama mtu. Mchanga unaunguza, na unyevunyevu wa baharini unafanya jasho litiririke badala ya kukauka. Jasho linalotiririka halipoozi mwili. Linalopooza ni lile linalokauka kwenye ngozi.

Ongeza tumbo. Oktoba ni korosho. Mama wa mtoto huyu alieleza bila kuulizwa sana: "Mwalimu, sisi tunaingia shambani kuokota alfajiri, ye anajitayarisha mwenyewe." Alikuwa amekula mabibo mawili, yale matunda ya mkorosho, njiani. Saa moja asubuhi alikimbia mchakamchaka na wenzake, akafagia uwanja, na tangu hapo hakunywa maji, kwa sababu ndoo ya maji ya kunywa iko ofisini kwa walimu na mtoto wa Darasa la Tano haingii humo bila sababu kubwa.

Kwa kawaida kimoja kati ya vitu hivi hakitoshi peke yake kumwangusha mtoto mzima wa afya. Vilikutana kwenye mstari wa Yanga, nafasi ya 34.

Alichopaswa kufanyiwa

Mlaze chali hapohapo, au kivulini kama kivuli kiko hatua chache. Angalia kifua kinapanda na kushuka. Inua miguu yake kiasi cha sentimita 30, begi la shule lililojaa madaftari linatosha kuegemeza. Legeza mkanda na ushungi, na kama kuna wavulana karibu, wasichana wawili wamkinge kwa kanga wakati mwalimu wa kike analegeza. Ondoa watu, kundi lililomzunguka linazuia upepo, na hofu nayo inaambukiza. Pale panapotajwa mapepo, watoto wengine wawili au watatu wanaweza kufuata kuanguka ndani ya dakika chache, na hao hawakuishiwa damu kichwani. Mpe kiranja kazi ya sauti kubwa: "Wote chini ya mwembe, kaeni, hesabuni namba." Kuhesabu kunawapa kitu cha kufanya.

Asipewe kinywaji hadi aweze kujibu jina lake na siku ya leo. Kisha maji, funda ndogondogo. Kama hajala, maji yenye sukari au uji. Abaki amelala dakika 10 hivi, akae, ndipo asimame.

Kuzimia kwa aina hii huisha ndani ya dakika moja au mbili baada ya kulazwa. Asipozinduka ndani ya muda huo lakini anapumua, mgeuze alale ubavu na usafiri uitwe. Akipata degedege, akizinduka na kuongea ovyo, au ngozi yake ikiwa ya moto kupita kiasi, hiyo si kuzimia kwa kawaida. Mwenye ngozi ya moto huanza kupoozwa palepale, maji mwilini kote na kupepewa, huku gari au bodaboda ikitafutwa. Kumpakia kwanza na kumpooza baadaye ni kosa linaloua.

Jambo moja linastahili kubandikwa ukutani mwa ofisi: mtoto aliyeanguka *akiwa amesimama* baada ya mbio, na aliyeanguka *katikati ya mbio, miguu ikiwa bado inakwenda*, ni wagonjwa wawili tofauti. Wa pili anaweza kuwa na tatizo la moyo na lazima aonwe na daktari kabla ya kurudi uwanjani, hata kama amezinduka akicheka.

Kipindi kilivyopangwa upya

Hatua ya kwanza ilikuwa ratiba, na ndiyo iliyoleta ubishi. Mwalimu wa Hisabati alisema asubuhi ni ya Hisabati, kichwa kikiwa kibichi. Ana hoja. Suluhu ikawa kubadilishana kipindi kimoja tu: kila Jumanne, kati ya Oktoba na Machi, Darasa la Tano linaanza na michezo saa 2:00, na Hisabati inahamia kipindi cha sita, ndani, kwenye kivuli cha bati. Saa mbili asubuhi ukuta wenye urefu wa mita 4 unatupa kivuli cha zaidi ya mita 6 upande wa magharibi. Huko ndiko watoto wanakopewa maelezo na kupoozea mwili. Siku hiyo Darasa la Tano halikimbii mchakamchaka. Na wanakuja kutoka nyumbani wakiwa wamevaa nguo za michezo, bukta na fulana, wasichana suruali pana au taiti chini ya sketi, ushungi wa kuvaa kichwani bila pini. Pini ya ushungi kwenye mchezo wa kudaka ni jeraha linalosubiri siku yake. Zile dakika 7 za kubadili nguo zikawa 4 za kutoka tu.

Baada ya hapo: maelezo 2, kupasha mwili moto 4, vituo sita 21, kupoza mwili na maji 3, afya 3, kunawa na kurudi 3.

Kupasha mwili moto hakuhitaji mizunguko ya uwanja, ambako wepesi wanawaacha wazito na wazito wanaona aibu. Debe moja na fimbo mbili, mdundo wa sindimba, kila mtoto pale aliposimama. Kiuno, magoti, mabega, kurukaruka. Mdundo uanze pole na kupanda. Mwalimu achague mwenyewe nyimbo, maana zipo za unyago ambazo watoto wanazijua na si za uwanja wa shule.

Vituo ni sita na kila kimoja kina watoto 13: dakika 3 za kazi, nusu dakika ya kuhama kwa filimbi.

Cha kwanza ni kamba. Kamba tatu za mkonge za mita 5, wawili wanazungusha, wawili au watatu wanaruka. Kamba ikiwa fupi zaidi ya hapo upinde wake unakuwa mdogo na inawakata watoto warefu shingoni. Kabla ya kuanza, angalia viganja. Msimu wa korosho kuna watoto wenye malengelenge na ngozi iliyobabuka kwa mafuta ya ganda la korosho, wamebangua au kuchoma nyumbani. Huyo hashiki kamba ya mkonge, anaruka tu. Mengi yanayoitwa uvivu kwenye kituo hiki ni viganja vinavyouma.

Cha pili ni rede, viwanja vitatu vya watu wanne au watano. Wawili wanarusha kutoka pande mbili, waliobaki wako kati wanakwepa huku wakijaza mchanga kwenye chupa. Sheria moja ya kuongeza: anayepigwa habaki nje akitazama, anabadilishana na mrushaji. Bila sheria hiyo foleni inarudi kwa mlango wa nyuma, na wa kwanza kutolewa ni yuleyule anayehitaji mazoezi kuliko wote.

Cha tatu, kurusha na kudaka kwa jozi, mita 5. Cha nne, mbio za vijiti zilezile, lakini makundi matatu ya wanne au watano, wawili au watatu kila ncha, mita 15: unakimbia sekunde tano, unangoja kumi na tano. Vijiti ni mianzi ya sentimita 30 iliyopigwa msasa nchani. Cha tano, kuruka mbele kwa miguu miwili kwenye mchanga, mistari mitano sambamba ili watano waruke kwa pamoja. Cha sita, mizani: kutembea juu ya gogo la mnazi lililozikwa nusu, na mstari wa ardhini kwa wanaoogopa.

Mipira ya rede na ya kudaka ni kumi, ya matambara. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mafundi wa mipira ya chandimu, soka la mtaani, wamehamia kwenye sponji la godoro na soksi, na kusema kweli hii ni bora: inadunda kidogo, haiumizi uso. Kipenyo sentimita 10, ikazwe kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mwalimu aifinye kila mmoja kabla ya kipindi, kwa sababu wapo wanaotia jiwe katikati ili iende mbali.

Mistari ichorwe kwa jembe. Chokaa ya kuchoma, ambayo mwambao huu unaijua vizuri, inaunguza macho na ngozi yenye jasho. Inafaa ukutani, si mahali watoto wanapoangukia.

Kosa lililotokea wiki ya kwanza: mwalimu alizunguka vituo vyote sita kwa haraka na hakufundisha hata kimoja. Wiki ya pili alisimama kwenye kituo kimoja tu, cha kudaka, akaona kwamba watoto wengi wanafumba macho mpira ukifika. Aliwaambia wautazame hadi ugonge viganja, vidole vikiwa vimelegea na mikono ikirudi kifuani pamoja na mpira. Vituo vingine viliongozwa na viranja. Hivyo ndivyo inavyopaswa: kipindi kimoja, kituo kimoja cha kufundisha, vitano vya kufanyia mazoezi.

Na watoto wakisikia filimbi ya mwisho, hawasimami. Wanatembea kuuzunguka uwanja taratibu kwa dakika mbili, wakipumua, ndipo wanaingia kivulini. Dakika mbili hizo ndizo zingemwacha msichana yule akiwa wima.

Ukijumlisha, mtoto sasa anatembeza mwili kwa dakika 16 hadi 19. Nusu ya kipindi haijafika, ila imekaribia.

Maji, tumbo na dakika tatu za afya

Watoto 78 kwa mililita 200 kila mmoja ni lita 15 na kidogo, yaani ndoo moja ya lita 20 yenye koki, iliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, ikae nje kivulini na isiwe ofisini. Kila mtoto na kikombe chake. Kikombe kimoja cha kuchovya kinaharibu ndoo nzima. Kunawa ni kwa vibuyu chirizi vitatu, yaani madumu yanayochirizisha maji kidogokidogo, sabuni imefungwa kwa kamba.

Suala la njaa ni gumu zaidi, na shule isijidanganye kwamba linakwisha kwa ratiba. Kuuliza "nani hajala, anyooshe mkono" ni kumfedhehesha mtoto, tena utapata uongo. Mwalimu alipitisha kopo lenye tundu: aliyekula atie kokoto, ambaye hajala atie punje ya mahindi, mkono ukiwa umefumbwa. Punje zilikuwa nyingi kiasi cha kubadilisha maamuzi. Kopo lilipelekwa kwenye kikao cha wazazi kama lilivyo na kumwagwa mezani. Wazazi wakakubali uji uanze kupikwa kabla ya saa mbili badala ya kusubiri mapumziko, kwa siku mbili za wiki, hadi korosho ziishe. Siku ambayo uji haukupikwa, vituo vya kamba na mbio vinaondolewa na mizani na kudaka vinarefushwa. Mwezi wa Ramadhani kwa wanaofunga unapangwa kwa namna hiyohiyo.

Somo la afya halikuhitaji kitabu. Siku moja ni mapigo ya moyo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, mwalimu anahesabu sekunde 15 kwa saa, watoto wanazidisha kwa nne. Wanapima kabla, wakimaliza vituo, na baada ya kutembea. Wanaona wenyewe namba ikipanda na kushuka. Siku nyingine ni rangi ya mkojo: njano hafifu ni sawa; kama chai ya rangi, unywe maji; nyekundu, mwambie mwalimu au mama, kwa sababu huku kwetu huenda ni kichocho, na kichocho kina dawa. Watoto walicheka kwa dakika nzima, wakaikumbuka wiki iliyofuata.

Msichana mwenyewe alipelekwa zahanati siku iliyofuata akapimwa malaria, wingi wa damu, mkojo na choo, kwa kuwa upungufu wa damu utokanao na malaria au minyoo humfanya mtoto azimie upesi kuliko wenzake. Yale maneno ya "apumzishwe michezo" yalikatwa kwenye daftari. Jumanne ya kwanza alizungusha kamba na kuwahesabia wenzake mapigo. Hakukalishwa chini ya mwembe, maana anayekalishwa mara moja huitwa mgonjwa mwaka mzima. Jumanne ya pili alipita vituo vyote isipokuwa mbio, ya tatu vyote. Mwalimu wa zamu aliandikiwa mstari mmoja chini ya jina la msichana: akizimia tena akiwa amesimama, arudishwe zahanati; akizimia akiwa anakimbia, aombewe rufaa ya kupimwa moyo siku hiyohiyo.